Nusu Siku ya Tendaguru

Yeyote asafiriye kutoka Kilwa kwenda Lindi kwa barabara kuu hupita Kitomanga, na aghalabu hupita bila ya kushuka. Huona minazi na mikorosho, na baada ya mavuno matita ya ufuta yaliyosimamishwa yakauke. Kisha hukaza mwendo apate kuwahi Lindi. Hapana lawama kwa msafiri mwenye shughuli zake. Lawama ni ya wale watakao mapito hayo ya haraka yawe ndiyo namna ya kuizuru nchi: wageni wapakiwe alfajiri katika motokaa ya njia mbaya, waiache lami, warushwerushwe porini mpaka kilima cha Tendaguru, wapigwe picha, na mchana uwakute mezani hotelini. Njia yenyewe, ambayo masika huigeuza tope, hula karibu saa zote. Kilima hupewa muda usiotosha hata kunywa kikombe cha chai.

Desturi hii ni ya kuazima. Katika kisiwa cha Madeira, milki ya Wareno katika bahari ya Atlantiki, motokaa za namna hiyo huwachukua wageni kwa nusu siku juu ya milima ambayo kilele chake kirefu, Pico Ruivo, chapita mita 1,800; huwashusha penye matuta ya mizabibu, huwaonjesha divai, huwarudisha. Huko jambo hilo lina maana, kwa kuwa mlima upo, mzabibu upo, na divai imo katika bilauri. Mgeni hukiona alichokiendea. Tendaguru ni kinyume chake. Kitu kilichoipa sifa ulimwenguni hakipo, kilichukuliwa. Mgeni wa nusu siku huonyeshwa majani na mashimo yaliyofukika, akarudi akasema kwamba hakuna kitu. Ushuhuda huo si wa kweli, na mwenye kosa si mgeni bali aliyempeleka.

Kitu kipo, walakini hakionekani kwa dirisha la motokaa. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mifupa mikubwa kilimani hapo. Vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905, vilikuwa vimeiumiza nchi ile kwa mauaji, na njaa ikafuata. Katika nchi iliyojeruhiwa hivyo ndimo walimoingia Werner Janensch na Edwin Hennig mwaka 1909, na uchimbaji ukaendelea hata 1913. Ardhi ilihesabiwa kuwa ya taji la Wajerumani, kana kwamba haina mwenyewe. Kazi ilipofika kileleni wachimbaji na wachukuzi walikuwa wapata 500, mbali na wake na watoto waliokaa nao kambini. Mifupa ilifungwa, mingine kwa vitu vya mianzi, ikachukuliwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku tatu au nne kwa mguu, kisha wachukuzi wakarudi kuchukua mingine. Jumla ilipita tani 200. Hapana reli iliyosaidia wala gari. Kila kipande kilichopanda merikebu kilipita kwanza juu ya mwili wa mtu. Baadaye wakaja Waingereza, tangu 1924 hata 1931, nao wakachukua chao.

Mmoja wa wanyama hao husimama Berlin, mrefu mita 13 na zaidi. Mifupa yake iliungwa mara ya kwanza mwaka 1937. Watu wa Lindi wapendao kumwona hupaswa kupata kwanza hati ya kusafiria, viza na nauli. Hii ni ajabu ambayo watetezi wa nusu siku hawaitaji kamwe.

Watetezi hao husema kwamba safari fupi huleta fedha. Na waulizwe: fedha hizo hushukia wapi? Petroli hununuliwa mjini, chakula hufungwa hotelini, dereva hutoka mbali, hata maji ya kunywa huja katika chupa. Kijiji hupata vumbi, na watoto wake huwa sehemu ya picha. Mkulima wa ufuta ambaye njia hupita ubavuni mwa shamba lake hapati hata salamu iliyokamilika, maana kusalimiana kwa Wamwera na Wamachinga hakuwezekani katika motokaa isiyozimwa.

Wako pia wasemao kwamba lisifanyike lolote mpaka mifupa irudi kutoka Ujerumani. Dai la kurudishwa ni la haki, lakini kulingoja kwa mikono mitupu ni kuuendeleza unyang'anyi kwa uvivu. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, mtu ambaye bila ujuzi wake Janensch na Hennig wangalihangaika sana. Mwaka 2007 wataalamu walimpa mnyama mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwaka 2019 mwingine aliitwa Wamweracaudia keranjei, kwa ajili ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, aliyesaidia uchimbaji. Majina ya watu hawa, basi, yamekwisha ingia katika Kilatini cha wataalamu. Ni Berlin gani iliyoyazuia yasifundishwe katika shule za Kitomanga?

Ziara ya haki ingeanza hapo Kitomanga, kwa miguu kushuka chini na salamu kupokewa. Mwongozaji awe kijana wa vijiji vya njiani, aliyefundishwa habari hizi, akalipwa kwa saa zake zote. Chakula kipikwe huko. Motokaa iachwe kabla ya kilima, na sehemu ya mwisho iendewe kwa miguu, kila mgeni akichukua mzigo wake mwenyewe, walau wa maji yake. Wageni walale. Kesho yake waelekee pwani kwa taratibu, wakihesabu mahali ambapo wachukuzi walihitaji kulala, mpaka bandarini Lindi, ambapo mizigo ilitoka mabegani ikaingia merikebuni.