Umepigwa Kalamu, Tajiri Ameleta Bahasha

Ukifutwa kazi Majanji, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, ushauri hukufikia kabla hujafika nyumbani. Mwaloni kila mtu ana lake, stendi ya bodaboda pale Lumino wana lao, na ukiingia Busia mjini mawakili wasiosomea ni wengi kuliko waliosoma. Wengi husema kwa nia njema. Lakini baadhi ya maneno yao yamewapotezea watu jasho la miaka, hasa siku ile mwajiri anapokuita tena na kusema: chukua hizi, tia sahihi hapa, tuachane kwa amani. Nawazungumzia watu wa mshahara: mlinzi wa stoo, mpishi wa gesti, karani, dereva. Baria anayegawana samaki na mwenye mtumbwi ana hesabu nyingine, na sitaiingiza hapa.

Neno la kwanza ni lile la wazee: moja shika, si kumi nenda uje. Ni kweli, kwa anayejua kwamba lililo mkononi ni moja na lililo mbali ni kumi. Aliyefukuzwa jana kwa kawaida hajui, kwa sababu hakuna aliyekaa naye chini na kalamu. Tukae naye basi. Tuseme ni mpishi aliyefanya kazi miaka 6 upande wa Uganda kwa shilingi 300,000 kwa mwezi, akaachishwa kwa simu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa notisi ya miezi 2, kwa kuwa amepita miaka 5 na hajafika 10. Hizo ni 600,000. Sheria hiyohiyo ilitaka kwanza aitwe, aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Kwa kutosikilizwa tu anadai mshahara wa mkononi wa wiki 4. Ikionekana ameonewa, kuna fidia ya msingi ya wiki 4 nyingine, na nyongeza isiyozidi mshahara wa miezi 3. Kuna likizo ambazo hakupewa, siku 7 kwa kila miezi 4 ya utumishi. Halafu kiinua mgongo. Sheria imekiacha kiwango chake kwenye mazungumzo ya pande mbili, lakini mwaka 2015 Mahakama ya Viwanda, katika kesi dhidi ya benki moja, iliamua kwamba pasipo makubaliano ni mshahara wa mwezi 1 kwa kila mwaka wa kazi. Hapo pekee mpishi wetu ana 1,800,000.

Notisi na kiinua mgongo tu vimefika 2,400,000. Anayemletea 500,000 na kuita huo wema hajafika hata robo. Lakini angeleta 2,000,000 taslimu leo, ningemwambia mpishi achukue, tena asione haya. Kesi ina nauli, ina siku za kazi zinazopotea, ina shahidi anayehamia Jinja katikati ya safari. Pungufu la laki nne kwa mtu mwenye watoto shuleni linaweza kuwa bei halali ya kumaliza jambo. Pungufu la milioni mbili ni kudhulumiwa mara ya pili.

Wengine wanavuta upande wa pili: ukiona ameleta pesa ujue ameogopa, kwa hiyo kataa mpaka atoe mara kumi. Si lazima awe ameogopa. Waajiri wengi hulipa ili wapumue tu, na mazungumzo ya suluhu yaliyofanywa kwa sharti kwamba hayatatumika kama ushahidi hayatamfunga mahakamani. Zaidi ya hapo, sheria yenyewe ina dari. Ya Uganda nimeitaja. Ng'ambo ya mpaka, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaishia mshahara wa miezi 12 kama fidia ya kuachishwa isivyo haki, na hicho ndicho kikomo cha juu kabisa, hakimu hutazama mengi kabla ya kukifikia. Tena jiulize kwa ukweli: je, kosa lilikuwepo? Mzigo wa kuthibitisha sababu ya kukufukuza uko kwa mwajiri, lakini kama ulikutwa na mali yake mfukoni na watu watatu wakaona, bahasha hiyo huenda ndiyo nzuri kuliko zote utakazopewa.

Neno linalonikera kuliko yote ni hili: haraka ya nini, haki haiozi. Inaoza! Uganda unatakiwa kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3 tangu siku ya kufukuzwa. Ukichelewa ni lazima uonyeshe sababu ya haki. Mkanganyiko unatokana na mpaka wenyewe. Ndugu aliyeko Port Victoria amesikia miaka 3, na hajadanganywa, kwani huo ndio muda wa kufungua kesi mahakamani Kenya, ingawa hata huko kwenda kwa afisa wa kazi kuna miezi 3. Kinachohesabika ni mahali ulipofanyia kazi, si kitambulisho chako wala upande unaolala. Mwajiri anayesema rudi wiki ijayo, halafu mwisho wa mwezi, halafu baada ya mavuno, huenda anahesabu siku zako. Peleka malalamiko ukiwa bado unazungumza naye. Si uadui. Na afisa asipotoa uamuzi ndani ya siku 90, unaweza kwenda Mahakama ya Viwanda.

Eti huna barua ya kazi, huna kesi? Mkataba wa mdomo ni mkataba. Mshahara ulioingia kwenye simu kila mwezi ni ushahidi, na wenzako wana macho.

Eti usitafute kazi nyingine, utaonekana hukuumia? Kenya, kutojitahidi kupunguza hasara yako ni moja ya mambo yanayoweza kukupunguzia fidia. Nenda kazini.

Limebaki la sahihi, na hapa watu wanakosea pande zote mbili. Wapo wanaosema ukishatia umekwisha. Wapo wanaosema tia tu, mahakama itaifuta. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika kesi ya kampuni ya Thomas De La Rue, ilisema karatasi ya kuachilia madai peke yake haimzuii jaji kuchunguza kama kufukuzwa kulikuwa kwa haki. Lakini ikasema pia kwamba kila mara itaangaliwa kama mfanyakazi alitia sahihi kwa hiari yake, akiwa anajua yote aliyopaswa kujua. Ukisoma, ukaelewa, ukakubali, usitegemee jaji akuokoe.

Kwa hiyo dai karatasi inayotaja kila kitu kwa jina na kiasi: notisi kiasi gani, likizo kiasi gani, kiinua mgongo kiasi gani. Jumla tupu usiikubali. Omba na cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako. Tia sahihi mbele ya afisa wa kazi, pesa zikiwa zimeshaingia. Mwajiri akitaka kulipa kwa awamu, tarehe za awamu ziandikwe, na malalamiko yako yasiondolewe mezani mpaka ya mwisho ilipwe.