Siku Thelathini za Mfanyakazi

Oktoba 2023 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliinunua Activision Blizzard, watengenezaji wa michezo ya kompyuta, kwa karibu dola bilioni 69. Kabla miezi minne haijatimia, Januari 2024, ikatangaza kuwaachisha kazi watu 1,900 katika idara zake za michezo. Mwezi uliofuata Sony nayo ikatangaza kuwapunguza watu wapatao 900 na kuifunga studio yake ya London. Hao walikuwa mafundi waliosoma, lakini elimu yao haikuwakinga.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wimbi hilo limekwisha kufika jirani: mwaka 2023 vijana wa Nairobi waliokuwa wakikagua picha na maandishi ya Facebook waliambiwa kazi imekwisha. Walikuwa na mikataba, wakaupeleka mgogoro wao mahakamani.

Hapa kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane nao kabla ya kukata shauri. Aliyetumika mwaka mmoja au zaidi anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, hadi miaka kumi. Lakini anayelalamika kwamba ameachishwa kwa uonevu ana siku 30 tu za kulifikisha lalamiko lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kwa mpakuaji wa samaki wa Goziba au Bumbire, anayelipwa kwa mwezi na hana karatasi yoyote, siku hizo ni chache mno. Lazima asubiri chombo, alipe nauli, avuke ziwa mpaka Kemondo, kisha aendelee hadi Bukoba. Muda ukipita, haki nayo huwa imeponyoka.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Mkoa na Wilaya ya Muleba wahakikishe kwamba maofisa wa kazi wanafika visiwani kwa siku zinazojulikana, na kwamba malalamiko yanapokelewa hapo Kemondo. Waajiri nao wakumbushwe kwamba asiyetoa mkataba wa maandishi ndiye atakayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi.

Nanyi ndugu zetu wa visiwani, andikeni tarehe mliyoanza kazi na kila malipo mliyopokea. Daftari hilo litawasemea siku ya shauri.