Sataranji na Usukani

Swali la juma hili huenda likawachekesha baadhi yenu: je, yafaa dereva acheze sataranji, dama au karata hali amekamata usukani na gari linakwenda? Atacheka yule anayewaza ubao wa mbao na kete zake, kwa sababu hakuna awezaye kuutandika ubao mapajani akapanda nao milima ya Karusi bila kete kumwagika kwenye kona ya kwanza. Lakini mchezo wa zama hizi hauhitaji ubao. Umo ndani ya simu ya mkononi, na katika baadhi ya motokaa mpya umo ndani ya kioo kilichofungwa mbele ya dereva. Tena sataranji ina tabia ambayo michezo mingi haina, nayo ni kwamba yaweza kuchezwa kwa mdomo mtupu.

Tuanze na simu, maana hiyo haitatuchukua muda mrefu. Gari liendalo kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa hukata zaidi ya mita 16 katika kila sekunde. Dereva atakayeinamisha macho kwa sekunde 5 ili asogeze farasi wake atakuwa amekwenda mita 83 kama kipofu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba dereva atumiaye simu yumo katika hatari ya ajali mara 4 hivi kuliko asiyeitumia. Hapo hapana mjadala.

Hata hivyo, sheria zenyewe zimechelewa kuliona jambo hili. Huko Uingereza madereva walikatazwa kushika simu tangu mwaka 2003. Lakini mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya dereva aliyekuwa akipiga picha za ajali, kwamba maneno ya katazo lile yalihusu mawasiliano tu. Kwa hiyo mtu aliyecheza mchezo uliohifadhiwa simuni angeweza kuponyoka kifungu hicho. Pengo hilo lilizibwa tarehe 25 Machi 2022, na tangu siku hiyo michezo nayo imekatazwa, kwa faini ya pauni 200 na alama 6 za adhabu katika leseni. Askari polisi wasomao ukurasa huu wanajua vema jinsi neno moja lililosahauliwa na mtunga sheria linavyoweza kumwachilia mkosaji barabarani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani, kama ulivyorekebishwa, umetumia lugha pana zaidi: dereva apunguze daima kila shughuli isiyokuwa ya kuendesha.

Watengenezaji wa motokaa nao wamejaribu bahati yao. Kampuni ya Tesla ya Marekani iliingiza sataranji katika kioo cha magari yake mwaka 2019, ichezwe gari likiwa limesimama. Kuanzia Desemba 2020 baadhi ya michezo, zikiwamo karata za mchezaji mmoja, iliweza kufunguliwa hata gari likiwa mwendoni. Aliyetaka kucheza alitakiwa tu aguse kitufe kuthibitisha kwamba yeye ni abiria. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2021, idara ya serikali ya Marekani isimamiayo usalama wa barabara ilianzisha uchunguzi uliohusu magari yapatayo 580,000, na kampuni ikakubali kuifunga michezo hiyo gari linapokwenda. Kitufe kile ni sawa na kumwuliza mlevi kama amelewa, kisha kumpa funguo kwa sababu amejibu hapana.

Sasa tufike kwenye sehemu ngumu ya swali. Kila nyumba katika ubao wa sataranji ina jina lake, yaani herufi kutoka a hadi h na namba kutoka 1 hadi 8. Abiria aweza kushika ubao mdogo, akataja kete aliyosogeza na nyumba iliyoiendea. Dereva akajibu kwa mdomo, mikono yake yote miwili iko usukanini na macho yake yako barabarani. Mtetezi wa mchezo wa namna hii huuliza: kosa liko wapi? Dereva akiruhusiwa kuzungumza juu ya bei ya maharage, kwa nini asizungumze juu ya farasi na mfalme?

Hoja hiyo haistahili kupuuzwa, na mifano ya watu wenye vipaji ipo. Mwezi Desemba 2016, mjini Las Vegas, bingwa Timur Gareyev alicheza na watu 48 kwa pamoja akiwa amefungwa macho. Alishinda michezo 35, akatoka sare katika 7, akashindwa katika 6, na muda huo alikuwa akipiga pedali za baiskeli. Lakini baiskeli ile ilikuwa ya mazoezi, isiyokwenda popote. Mbele ya Gareyev hapakuwa na mbuzi, wala mtoto atokaye shule, wala lori lililokatika breki.

Mtu achezaye bila kuuona ubao hulazimika kuujenga ndani ya kichwa chake. Hukumbuka kila kete ilipo, akawaza itakapokwenda, akapima nafasi kati yake na ya adui. Na dereva afanya nini anapotaka kulipita lori? Apima nafasi, akawaza gari lile litakuwa wapi baada ya sekunde 3. Kazi hizi mbili hugombania chombo kimoja. Macho yatabaki barabarani, ni kweli, lakini yatakuwa yakitazama bila kuona. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa saikolojia, Daniel Simons na Christopher Chabris, waliwaonyesha watu sinema fupi na kuwataka wahesabu pasi za mpira. Katikati ya sinema alipita mtu aliyevaa vazi la sokwe, akasimama, akajipiga kifua. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona kabisa. Hawakuwa wamefumba macho, wala hawakuwa wajinga. Akili zao zilikuwa kazini mahali pengine.

Mfano mchungu zaidi umetoka Ujerumani, nao wawahusu hasa wasomaji wetu washikao zamu. Tarehe 9 Februari 2016 treni mbili ziligongana uso kwa uso karibu na mji wa Bad Aibling, katika mkoa wa Bavaria. Watu 12 walikufa na makumi walijeruhiwa. Reli ilikuwa nzima na mitambo ilikuwa ikifanya kazi. Msimamizi wa ishara za reli, aliyekuwa ameketi kwenye meza yake asubuhi ile, alikuwa akicheza mchezo katika simu yake hadi muda mfupi kabla ya ajali. Alitoa ishara isiyo sahihi. Alipotambua kosa lake na kutaka kutoa onyo la dharura, akabonyeza kitufe kisichokuwa chenyewe. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 3 na miezi 6. Mtu huyu hakuwa na usukani wala kona za milima. Alikuwa ameketi kitini, vyombo vyote vya kazi viko mbele yake, hata hivyo akili yake haikuwahi kurudi kwa wakati. Ikiwa ndivyo kwa aliyeketi, tuseme nini juu ya aendaye mita 16 kwa sekunde?

Turudi sasa katika barabara yetu, ile itokayo Gitega, ivukayo mto Ruvubu na kupita Karusi hadi Muyinga. Yeyote aliyeipita anajua kwamba si mali ya magari peke yake. Burundi ni nchi ya kilomita za mraba 27,834, na sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu zaidi ya milioni 12. Wengi wao huishi mashambani na hutembea kwa miguu. Ukingo wa lami ndio njia ya mama aendaye sokoni, ya mwanafunzi, na ya mwendesha baiskeli aliyefunga mikungu ya ndizi upana wa mlango. Wote hawa hutokea ghafla nyuma ya kona.

Zaidi ya hayo liko jambo ambalo mgeni halioni upesi. Burundi huendesha upande wa kulia, lakini magari mengi yaliyoagizwa yakiwa yamekwisha kutumika, hasa yale yatokayo Japani, usukani wake uko kulia vilevile. Dereva wa gari la namna hiyo ameketi ukingoni mwa barabara. Akiwa nyuma ya lori na akitaka kulipita, yeye haoni kitu mbele isipokuwa mgongo wa lori. Aonaye ni abiria aliyeketi kushoto. Ndiye achunguliaye na kusema, "Bado, kuna basi," au, "Pita sasa." Katika barabara hii abiria wa mbele ni jicho la pili la dereva.

Haya basi, tumpe abiria huyo ubao wa sataranji. Sasa yeye si jicho tena, amegeuka kuwa adui wa mchezo. Ameinama, anahesabu, anatafuta namna ya kumfunga mfalme wa dereva. Na dereva anapokwama kwenye hatua ngumu, yeye hufurahi na kuzidi kumbana. Hapa ndipo mchezo unapotofautiana na mazungumzo juu ya bei ya maharage. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walilinganisha madereva waliozungumza kwa simu na wale waliozungumza na rafiki aliyeketi kando yao. Rafiki aliyemo garini huiona barabara, na barabara yenyewe huingia katika mazungumzo yao, naye humsaidia dereva. Aliye simuni haoni kitu, huendelea tu. Mchezaji wa sataranji, ingawa ameketi garini, amefanana na yule wa simuni.

Madereva wa malori wanaokwenda Dar es Salaam kupitia mpaka wa Kobero wana hoja nyingine, nayo ina uzito. Wanasema mchezo huondoa usingizi. Ni kweli kwamba safari ndefu isiyo na mabadiliko hulaza akili, na neno la utingo au wimbo wa redio huweza kuiamsha kidogo. Lakini mtu aliyelemewa na usingizi hapati nguvu mpya kwa kupewa kazi ya pili. Hugawa kile kidogo alichobakiwa nacho. Aegeshe gari mahali pa salama, alale dakika 20, anywe kahawa au chai, kisha aondoke. Na kwa dereva wa Kobero kuna sababu moja zaidi: akivuka mpaka lazima ahame kutoka upande wa kulia kwenda wa kushoto, na akirudi ahame tena. Kichwa kilichojaa kete huenda kikafuata mazoea badala ya kutazama.

Kwa familia zetu, jambo hili huanza na watoto. Mtoto aliye kiti cha nyuma na simu ya mama yake hucheza vizuri, kisha akashinda, na akishinda hutaka baba aone papo hapo. Huinua simu na kuipitisha kando ya bega la dereva: "Baba, tazama!" Mama aliye garini na amzuie kabla mkono haujafika. Vilevile mke asiyekwenda safari, anayejua kwamba mumewe ameondoka Gitega saa mbili asubuhi, na asimpigie simu kila nusu saa kuuliza amefika wapi. Ampigie utingo au abiria, au asubiri. Na kwa askari waendeshao malori ya jeshi, wale vijana ishirini au thelathini walioketi nyuma hawana njia ya kujua kinachotendeka mbele. Mwenye cheo aliyeketi kando ya dereva ndiye ajuaye, na kama yeye ndiye mshindani wa mchezo, basi hakuna aliyebaki wa kukataza.

Je, gari likiwa limesimama? Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta, madereva wa Burundi wamejifunza kukaa katika foleni za vituo vya mafuta kwa saa, na wakati mwingine kwa siku. Kumnyima dereva karata au dama hapo ni ukali usio na faida. Injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa, na acheze. Ila tungemshauri achezee nje ya gari, juu ya boneti au kibarazani. Foleni husogea ghafla, na anayecheza akiwa kitini huwasha gari na kusogea mita kumi akili yake ikiwa bado katika mchezo. Na katika nafasi ile ndogo kati ya gari na gari hupita wauza karanga na wenye madumu.

Wapenzi wa sataranji, tena, hawana sababu ya kulalamika, kwa maana mchezo wao umejua kusubiri tangu zamani. Katika mashindano makubwa ya karne iliyopita, saa za kucheza zilipokwisha kabla ya mshindi kupatikana, mchezaji aliandika kwa siri hatua yake inayofuata, ikatiwa katika bahasha na kufungwa. Kesho yake bahasha ilifunguliwa mbele ya wote na mchezo ukaendelea pale pale ulipoishia. Dereva na rafiki yake walioanza mchezo Gitega wakisubiri abiria wajae waweza kufanya vivyo hivyo. Waandike nafasi za kete kwenye karatasi, waitie katika sanduku la garini, na waifungue Muyinga baada ya chakula. Wachezao ikibuguzo ndio wenye shida, maana kete 64 zikikwisha kutikisika njiani hakuna akumbukaye ngapi zilikuwa katika shimo lipi. Hao itawabidi waanze upya.