Uhandisi wa Tiba Si Mlango wa Uani wa Udaktari

Kila Januari, matokeo ya matriki, mtihani wa mwisho wa sekondari wa Afrika Kusini, yakitoka, wazazi wa Johannesburg huanza kupigiana simu. Mtoto kafaulu hisabati na fizikia vizuri, lakini nafasi ya udaktari hakupata. Ushauri humjia upesi, iwe ni Yeoville kwa Wakongo au Mayfair kwa Wasomali: mwingize uhandisi wa tiba, ni miaka mitatu tu, halafu atajipenyeza hadi udaktari. Mlango wa uani, wanasema, na anayeshauri hutabasamu kama mtu aliyekupa siri.

Mlango wenyewe upo, tusidanganyane. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambacho kila mtu hapa anakiita Wits, kinatoa shahada ya miaka mitatu ya uhandisi wa tiba, chini ya wahandisi wa umeme. Anayeimaliza anaweza kuomba kuingia udaktari pamoja na wahitimu wengine, akaanzia mwaka wa tatu wa masomo ya miaka sita. Sasa piga hesabu. Mitatu na minne ni saba, na mwenzake aliyeingia moja kwa moja anamaliza kwa sita. Tena hapewi nafasi, anaigombania, na wanaogombania naye ni watu wenye shahada za sayansi za afya na baiolojia ambao wastani wao wa alama haukupitia kwenye kalkulasi na saketi za umeme. Mtu ambaye shabaha yake ni udaktari peke yake akichagua njia hii, kachagua njia ndefu zaidi na yenye mawe mengi zaidi. Sijui nani aliwaambia watu kwamba ni ya mkato.

Mwanafunzi wa namna hiyo unamtambua mapema. Anatomia anaipenda, ishara za umeme anazivumilia, na swali lake kwa mhadhiri ni kama jambo hili litakuja kwenye mtihani. Simlaumu sana. Kafundishwa nyumbani kwamba hapa anapita tu.

Nyuma ya ushauri huu kuna imani pana zaidi: kwamba anayeponya ni daktari, na wengine wote hospitalini ni wasaidizi wake. Imani hiyo inachekesha ukiisikia katika mji huu. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924. Akaenda Cape Town kusoma uhandisi wa umeme, akahamia fizikia. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ilihitaji mwanafizikia wa kusimamia mambo ya mionzi, naye akashika kazi hiyo kwa muda. Akaona kwamba wagonjwa wa saratani wanapangiwa mionzi kana kwamba mwili wote ni kitu kimoja, mfupa sawa na pafu. Akaketi kutafuta hisabati ya kuujua mwili kwa ndani kutokana na miale inayoupita kutoka pande mbalimbali. Makala zake za 1963 na 1964 karibu hakuna aliyezijali. Kule Uingereza mhandisi Godfrey Hounsfield, bila kuzitegemea, akaunda mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya ubongo mwaka 1971. Mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba. Hakuna aliyekuwa daktari kati yao. Cormack hata shahada ya uzamivu hakuwa nayo. Leo daktari wa dharura akiletewa mtu aliyegonga kichwa barabarani, kitu cha kwanza anachokiulizia ni picha ya mashine hiyo, CT-scan.

Kuna mfano mwingine wa hapa hapa, nao una uchungu ndani yake. Kampuni ya almasi ya De Beers ilitaka kuwakamata wachimbaji waliomeza au kuficha mawe mwilini. Eksirei ya kawaida haikufaa, kwani huwezi kumpiga mtu mmoja mionzi ya kiwango hicho kila anapotoka kazini. Wahandisi wakabuni mwale mwembamba unaoutembelea mwili kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mionzi kidogo sana. Baadaye wakang'amua kwamba mashine ya kumshuku mchimbaji inaweza kumwokoa majeruhi. Ikajaribiwa Groote Schuur mwishoni mwa miaka ya 1990, Marekani ikaiidhinisha mwaka 2002, na sasa inajulikana kwa jina la Lodox, kampuni yenye makao Sandton. Picha ya mwili mzima, utosini hadi unyayoni, inatoka kwa sekunde 13. Anayejua Jumamosi usiku ya mji huu, risasi imeingia begani na haijulikani ilikoishia, anajua sekunde hizo zina thamani gani. Waliozileta walikuwa wahandisi.

Watetezi wa mlango wa uani watanijibu kwa ajira, na hapo wana hoja. Afrika Mashariki wahandisi wengi wa vifaa tiba huishia kuuza mashine za kampuni za nje, na aliyebaki hospitalini huitwa fundi, hupewa chumba karibu na jenereta, na hukumbukwa kitu kinapogoma. Lakini tazama matokeo ya kumweka huko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya hesabu ya vifaa zaidi ya laki moja katika nchi 16 zinazoendelea, ulikuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Kenya ilianza mwaka 2015 mpango wa kukodisha mitambo kwa hospitali za kaunti zake zote 47. Seneti ilipokuja kuchunguza, ikasikia habari za mashine zilizopelekwa mahali pasipo na umeme wa kutosha, maji, wala mtu wa kuziendesha. Maswali ya umeme na maji ni ya mhandisi. Angepaswa kukaa kwenye kikao cha manunuzi kabla mkataba haujasainiwa, na kauli yake iwe na uzito wa kuuzuia. Mgonjwa anayeambiwa "mashine mbovu, nenda kapige nje" analipa kutoka mfukoni gharama ya kiti ambacho mhandisi hakupewa.

Na huo udaktari unaokimbiliwa nao hauna tena dhamana ya zamani. Mwanzoni mwa 2024 mamia ya madaktari wa Afrika Kusini waliomaliza mafunzo yao walikuwa wakidai kazi serikalini. Wagonjwa walikuwepo tele. Kilichokosekana kilikuwa bajeti.

Kosa ambalo mlango wa uani unalificha, na linalowaumiza watoto wetu zaidi, ni la fedha. Ile shahada ya miaka mitatu peke yake haimfikishi mtu kwenye usajili wa uhandisi kamili katika baraza la wahandisi la Afrika Kusini. Wits ina njia ya kuendelea miaka miwili zaidi na kupata shahada ya uhandisi wa umeme, jumla mitano. Lakini familia iliyoambiwa "mitatu, kisha udaktari" imechanga ada ya mitatu. Udaktari ukimkataa mara ya pili, mtoto anabaki na shahada isiyomsajili na mkoba uliokauka. Kwa hiyo mzazi anayejaza fomu Januari, badala ya kuuliza wangapi walipenya kwenda udaktari, aulize ada ya mwaka wa nne na wa tano ni kiasi gani, nani ataitoa, na kama ufadhili wa mtoto wake unafika huko.