Mhasibu Aliyeisoma Nuru



Juma hili tunawaandikia kutoka Amagoro, jirani na mpaka wa Malaba, ambako malori yatokayo bandari ya Mombasa hungoja kuvuka kuingia Uganda. Huku wamo vijana wetu wa pwani, makarani na mawakala wa forodha. Tukiwauliza habari za masomo, jibu huwa moja: kazi imetushika. Kwa ajili yao, na wazazi wao waliobaki nyumbani, tumeona tumtaje mtu mmoja wa Bara Hindi.

Chandrasekhara Venkata Raman alizaliwa Tiruchirappalli mwaka 1888. Mwaka 1907 aliajiriwa katika idara ya fedha ya serikali, akapelekwa Kalkuta kusimamia hesabu. Mjini humo palikuwa na jumuiya ya sayansi yenye maabara. Raman akaomba ruhusa ya kuitumia, akawa anakwenda asubuhi kabla ya ofisi na jioni baada yake. Mwaka 1917 akauacha mshahara mnono, akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Kalkuta kwa malipo madogo zaidi.

Mwaka 1921, akirejea kutoka Uingereza kwa meli, aliitazama Bahari ya Mediterania akajiuliza swali ambalo watoto wetu huliuliza wakiwa ufukweni: kwa nini bahari ni buluu? Wataalamu walisema ni mbingu inayojiona majini kama katika kioo. Raman alikuwa na kifaa kidogo cha kuzuia mng'ao wa juu ya maji. Alipochungulia kwacho, buluu haikutoweka. Akatambua kwamba siri imo ndani ya maji yenyewe.

Aliifuatia siri hiyo miaka 7. Tarehe 28 Februari 1928, yeye na K. S. Krishnan walithibitisha kwamba mwanga ukipita katika kitu, sehemu yake ndogo mno hutoka na rangi nyingine, na kila kitu kina alama yake. Mwaka 1930 akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia, Mwasia wa kwanza kuipata katika sayansi. Leo kwa kanuni hiyo hutambuliwa dawa bandia pasipo kufungua chupa.

Atakayesema huyu si wa dini yetu, na akumbuke kwamba Ibn al-Haytham wa Basra aliandika Kitab al-Manazir juu ya mwanga na macho, na Wazungu wakakisoma kwa Kilatini wala wasione haya.

Enyi vijana wa mpakani, kazi ya mchana ni halali yenu, lakini saa baina ya Magharibi na usingizi nazo mtaulizwa. Nanyi wazazi, mtoto akiuliza kwa nini bahari ni buluu, msimnyamazishe. Kuzitazama ishara za Mola ni ibada, na swali ndilo mlango wake.

Wabillahi tawfiq.