Kibarua Atokaye Ng'ambo ya Ruvuma

Hapa Nachingwea na Ruangwa tunao wageni wa namna mbili. Yuko mtaalamu wa madini aliyefika Ruangwa kwa ajili ya kinywe, na yuko kibarua aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji ili apalilie mikorosho, apulize salfa na kuokota korosho. Sheria haiwatofautishi. Ile ya Uhamiaji ya mwaka 1995 yamtaka mgeni aliyeajiriwa awe na kibali cha ukaazi cha daraja B; na ile ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 yamtaka mwajiri amwombee kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi.

Mtaalamu huombewa na kampuni yake. Kibarua ataombewa na nani? Mwajiri hutakiwa kuonyesha jinsi Mtanzania atakavyorithi ujuzi wa mgeni. Katika kuokota korosho, twarithishana ujuzi gani?

Basi kibarua hukaa bila karatasi, na hapo ndipo dhuluma hupata mlango. Msimu ukiisha, tajiri asiye na hofu ya Mungu humwambia aende akashitaki, akijua vema kwamba mshitaki ndiye atakayekamatwa. Jasho la miezi mitatu limekwenda.

Hatusemi mipaka iachwe wazi. Tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze mwaka 2017, na hasa baada ya kijiji cha Kitaya kushambuliwa mwaka 2020, Serikali ina sababu ya kukesha. Lakini mtu aliyeandikishwa hulindika na pia huonekana. Aliyejificha hafanyi lolote kati ya hayo. Wala Nachingwea isisahau kwamba wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa hapa hadi nchi yao ilipopata uhuru mwaka 1975.

Twaomba kibali cha msimu, cha ada ndogo, kitolewe mpakani kwa jina la kibarua mwenyewe, ili akidhulumiwa aende ofisi ya kazi bila woga.

Nasi mapadre tusijitoe katika jambo hili. Ndugu zetu wamisionari twawaombea vibali vya daraja C kwa barua zenye mihuri mizuri. Je, shamba la parokia limepaliliwa na nani? Kabla ya mavuno ya Oktoba, kila parokia yenye mikorosho iandike mapatano ya ujira mbele ya mtendaji wa kijiji, na ilipe siku iliyoandikwa.