Kabla hamjaliuza kwa kilo gari la baba

Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, mnunuzi wa vyuma chakavu si mgeni. Anapita asubuhi na guta lake, mizani ya kuning'iniza ikiwa imefungwa pembeni, na akipiga hodi macho yake hayako mlangoni. Yako nyuma ya nyumba. Anatafuta sufuria iliyotoboka, jembe lililoisha, betri iliyokufa. Siku ya bahati anakuta gofu la gari juu ya mawe.

Wiki hii tuzungumzie hilo gofu. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mna la kwenu nyumbani kwa wazee, iwe Ismani, Mafinga, Tukuyu au Mbozi. Kuku wanataga kwenye siti. Watoto wenu wakienda likizo wanashika usukani na kuwasafirisha wenzao hadi Dar bila kutoka uani. Mnaliita mkweche. Hakuna aliyewahi kuitisha kikao kwa ajili yake, mpaka mwenye mizani anapotaja bei.

Wazazi wenzangu, magari hayo yanakwisha. Simaanishi magari mabovu, maana hayo yamejaa kila gereji kuanzia Ipogolo hadi Mwanjelwa. Nasema yale ya zamani ambayo bado yanafufulika. Hayo ni machache, na kila mwaka yanapungua bila mtu kupiga kelele.

Tangu mwanzo hayakuwa mengi. Land Rover ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Toleo la pili lilitoka 1958, la tatu 1971, nalo likakoma 1985. Ile ndefu tunayoiita 109 ilipata jina kwa sababu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma kuna inchi 109. Huku kwetu zilikuja na wenye kazi nazo: misheni, mashamba ya chai ya Mufindi, kampuni ya miwati ya Njombe, walima tumbaku wa Iringa, serikali ya kikoloni, kisha serikali yetu na mashirika ya umma. Mtu binafsi mwenye gari alihesabika kwa vidole, na mara nyingi lilikuwa Peugeot 404 au Volkswagen ile ya mgongo wa kobe.

Ikaja miaka migumu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka. Magari mapya yaliingia kwa kudondoka, spea zikawa dhahabu. Waulizeni wazee kuhusu zile Jumapili ambazo gari binafsi halikuruhusiwa kutembea kuanzia saa nane mchana ili kubana mafuta. Fundi wa wakati ule hakutupa kitu. Alichinja gari moja kulisha jingine, na ndivyo mengi yalivyopotea, difu huku, giaboksi kule.

Mashirika yalipobinafsishwa miaka ya 1990, magari yenye namba za SU yalipigwa mnada. Yakanunuliwa na wafanyabiashara wadogo, walimu wastaafu, wakulima wa viazi. Yakabeba magunia kwenye njia ambazo lori halikuthubutu. Wakati huohuo Toyota zilizotumika Japani zikaanza kumiminika, na siku Land Rover ilipovunja ekseli, mwenyewe akaona heri alisukume chini ya mparachichi, atalishughulikia akipata nafasi. Wengi hawakuipata nafasi hiyo.

Kwa nini mwenye mizani analipenda kuliko magofu mengine? Baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza, hivyo waliolitengeneza wakalivika bodi la aloi ya alumini. Alumini haioti kutu kama bati la chuma. Ndiyo maana bodi la 1965 bado linang'aa ukilifuta vumbi, na ndiyo maana hiyohiyo linaliwa haraka: alumini kwa kilo ina bei kuliko chuma, na inayeyuka kirahisi. Gari lililowapeleka watu kliniki linarudi sokoni likiwa sufuria. (Na kwa kuwa huu ni ukurasa wa familia, niseme kwa kupita: watafiti waliopima sufuria za kuyeyusha mabaki ya magari katika nchi mbalimbali za Afrika na Asia wamekuta risasi ndani yake, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Sufuria usiyojua ilikotoka usiipikie uji.)

Mwenye mizani si peke yake anayeyatafuta. Kiwanda cha Solihull kilipoacha kutengeneza Land Rover ya umbo lile Januari 2016, za zamani zilipanda thamani duniani. Oktoba 2024 mamia yake yalikusanyika Arusha kwa tamasha, na waliotazama picha kwenye simu walishangaa kuona mkweche wa babu umepigwa rangi na kupigwa picha kama bibi harusi. Kenya nako mbio za magari ya kale za Safari zimekuwa zikifanyika tangu 2003. Hata Peugeot 404 ina heshima yake. Ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na mara mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Ukimwambia kijana wa leo kwamba Pijo iliyokufa kwa shangazi ni ndugu wa hiyo, atakuomba ufunguo.

Sasa barua. Dada mmoja wa Mafinga ameniandikia kwamba baba yao alifariki na kuacha 109 nyuma ya ghala. Kaka mkubwa, anayeishi Dar, anataka iuzwe. "Mama, hilo si gari tena, ni bati," alisema kwenye simu. Mama akamjibu, "Mwanangu, bati hilo ndilo lililoniwahisha hospitali nikiwa na uchungu wako." Simu ikakatwa, na tangu hapo hawajazungumza vizuri. Dada anauliza nani yuko sahihi.

Dada yangu, hakuna anayejua mpaka mtu alale chini ya gari na tochi.

Anzeni na chasisi. Bodi likipinda linanyooshwa, injini ikifa hutafutwa nyingine, ila chasisi ndiyo uti wa mgongo, nayo ni ya chuma. Ya Land Rover ni kama boksi refu lenye uwazi ndani. Tope huingia, maji yanakaa, kutu inaanzia ndani huku nje mkiona rangi nzima. Chukueni nyundo ndogo mgonge taratibu kuanzia nyuma kuja mbele. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kibuyu kilichopasuka, na pengine nyundo itazama. Gongeni pia ule ukuta wa chuma unaobeba dashibodi, hasa chini kwenye kona za miguu.

Hapa mahali lilipolala gari panaamua mengi. Lililokaa Ismani au Pawaga, kwenye ukavu, lina nafasi nzuri kuliko ndugu yake wa Tukuyu, ambako mvua hainyeshi kwa kubembeleza. Mafinga ni katikati: ukungu na baridi, lakini kama limekaa juu ya mawe na si juu ya udongo, bado lina matumaini.

Kisha tafuteni namba. Kwenye Land Rover za miaka hiyo namba ya chasisi huwa imegongwa mbele kulia, pale springi inaposhikia, na tena kwenye kibao kidogo ndani ya gari. Ifuteni kwa brashi ya waya, msikwangue. Ilinganisheni na kadi. Kama namba hazifanani, au zimesagwa, acheni kila kitu kwanza. Gari lisilo na kitambulisho halina mnunuzi wa maana, na linaweza kuwaletea maswali ya polisi ambayo marehemu hayupo kuyajibu.

Baada ya hapo hesabuni kilichopo: milango, boneti, fremu ya kioo cha mbele, taa, difu zote mbili, giaboksi. Msikate tamaa mkikuta injini ni ya Isuzu au Toyota. Wapenzi wa magari ya kale watakunja pua, mimi siwaungi mkono. Injini hiyo ndiyo iliyolipa ada zenu. Spea za Land Rover za zamani bado zinatengenezwa nje ya nchi na zinaagizwa. Za Peugeot 404 ni msako wa kweli, hivyo gofu la 404 lisilokamilika thamani yake kubwa ni kumkamilishia mwenye jingine.

Kinachonitia wasiwasi kuliko spea ni mafundi. Fundi wa leo anaanza kwa kuchomeka mashine ya kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari. Ukimwekea kabureta na platini anakutazama kama umemletea redio ya mkulima. Wanaojua kusikiliza injini ya 109 na kuirekebisha kwa bisibisi na karatasi ya msasa ni wazee, baadhi wamefunga gereji, wengine macho hayaoni. Kama kwenye ukoo wenu yupo kijana anayesoma ufundi magari VETA, Mbeya au Iringa, mpelekeni kwa mzee wa namna hiyo likizo moja, hata kama gari lenyewe mtaliuza.

Gharama sitawataja kwa tarakimu, maana kila gari lina ugonjwa wake. Ila gari la kufufua halijui bajeti. Litaanza na breki, litadai klachi, kisha radieta, na miaka miwili itapita kabla halijatoka getini. Ada ya Januari ina tarehe, chasisi haina. Mzazi anayechukua mkopo wa saccos kufufua mkweche wakati watoto wanarudishwa nyumbani kwa michango simwelewi. Anayeweka kidogokidogo, likawa ndiyo kazi yake na wanawe Jumamosi jioni, huyo namwelewa sana.

Na kama chasisi imekwisha, kadi haipo, wala hakuna mtoto anayejua spana? Uzeni bila kulia. Ila uzeni kama gari, si kama alumini. Pigeni picha pande zote, na namba, na injini, mwonyesheni kwanza fundi wa Land Rover anayejitegemea, asiye mnunuzi. Mwenye gari kama hilo akihitaji milango minne na giaboksi atawalipa kuliko mizani.

Lakini hata kuuza kuna hatua ambayo kaka wa Dar ameiruka. Gari lililo kwa jina la marehemu ni sehemu ya mirathi. Si la mama peke yake wala la mtoto mkubwa. Inatakiwa cheti cha kifo, kikao cha familia chenye muhtasari uliosainiwa, na msimamizi aliyethibitishwa na mahakama. Yeye ndiye anayeweza kusaini uhamisho wa umiliki TRA. Nimeona magari mazuri yakioza miaka kumi kwa sababu ndugu hawakufungua mirathi, na nimeona lililouzwa usiku likaleta kesi baina ya watoto wa mama mmoja. Mkiuziana hata mabaki, andikeni, na mwenyekiti wa mtaa au kijiji ashuhudie.

Wakati mnasubiri, watoto watolewe humo. Najua inauma, maana nanyi mlicheza humo. Tangi la zamani linahifadhi mvuke wa petroli hata likiwa kavu, betri ina asidi na risasi, na nyuki wanapenda nafasi ya chini ya siti. Breki na klachi za miaka hiyo zilitengenezwa kwa asbesto. Fundi asipulize vumbi lake kwa upepo wa kompresa mbele ya watu. Alowanishe kwanza kwa maji, afute kwa kitambaa, kitambaa kikatupwe.

Kwa dada wa Mafinga: kadi ya gari huenda iko kwenye mkoba wa baba pamoja na hati za shamba, mwombe mama mkague pamoja. Na kaka akija Pasaka, aje na tochi na nguo za kulalia chini.